Shakwe ufukweni: maji haya yamechafuliwa na nani?

Kwenye ufukwe mmoja wa Ziwa Michigan, nchini Marekani, watafiti walianza kazi yao kwa kuhesabu ndege. Wastani ulikuwa shakwe 665 kwa siku. Kisha wakaletwa mbwa waliofunzwa maalumu, kazi yao ikiwa ni kuwakimbiza shakwe kila wanapojaribu kutua. Wastani ukaporomoka hadi shakwe 17.

Maji nayo yakabadilika. Hesabu za Reagan Converse na wenzake, zilizochapishwa mwaka 2012, zinaonyesha kuwa shakwe wakipungua kwa nusu, bakteria wa enterokoki hupungua kwa asilimia 38 na wale wa E. coli kwa asilimia 29. Kabla ya mbwa kuletwa, bakteria wanaoweza kumletea binadamu maradhi walikutwa katika asilimia 64 ya siku za vipimo. Mbwa walipokuwa kazini, hawakukutwa hata siku moja.

Kwa anayesimamia ufukwe wa umma, matokeo ya namna hii ni nadra. Tatizo linaonekana kwa macho, na dawa yake haihitaji kuchimba bomba wala kujenga mtambo. Lakini jibu lililofaa Ziwa Michigan, likibebwa lilivyo hadi Mwanza, Kisumu au Dar es Salaam, linaweza kutupoteza vibaya. Ili kuona ni kwa nini, inabidi kwanza tujue ile namba inayotoka maabara inahesabu nini hasa.

Hakuna maabara inayoweza kupima kila kijidudu kinachoweza kumdhuru muogeleaji. Ni vingi mno, baadhi huhitaji vifaa ghali, na vingine huwa majini kwa idadi ndogo isiyonaswa kirahisi. Ndiyo maana wataalamu wa afya hutafuta kiashiria: bakteria anayeishi kwa wingi tumboni, anayepimika bila gharama kubwa, na ambaye akionekana majini basi kinyesi kimeingia. E. coli, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza na daktari wa watoto Theodor Escherich mwaka 1885, ndiye maarufu zaidi. Baharini hutumika zaidi enterokoki, kwa sababu huistahimili chumvi kwa muda mrefu kuliko E. coli.

Mwaka 1986 shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliweka mipaka inayonukuliwa hadi leo: wastani wa E. coli 126 kwa kila mililita 100 za maji baridi, au enterokoki 35 kwa kiasi hichohicho cha maji ya bahari. Namba hizo hazikuokotwa njiani. Zilitokana na tafiti za Victor Cabelli na Alfred Dufour, ambapo watu waliotoka kuogelea walifuatiliwa na kuulizwa kama wameugua, kisha majibu yao yakalinganishwa na bakteria waliokutwa majini siku waliyoogelea. Fukwe zilizochaguliwa zilikuwa zile zinazofikiwa na majitaka ya miji.

Hapo ndipo penye fundo. Mipaka ile inachukulia kwamba nyuma ya bakteria kuna choo cha binadamu, lakini kipimo chenyewe hakina namna ya kulijua hilo. E. coli wa shakwe, wa bata, wa ng'ombe na wa mtoto mchanga wote huota kwenye sahani ileile ya maabara, huonyesha rangi ileile, na huhesabiwa pamoja. Mwisho wa siku inaandikwa namba moja, na ni namba hiyo inayofunga ufukwe au kuuacha wazi.

Na shakwe ana bakteria wa kutosha. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya mamia ya sampuli za vinyesi vya ndege kutoka New York. Gramu moja ya kinyesi cha shakwe mwenye pete mdomoni ilikuwa na wastani wa bakteria wa kinyesi milioni 368. Gramu moja ya kinyesi cha bata bukini wa Kanada, yule ndege mkubwa anayelalamikiwa kwa kuchafua nyasi za bustani, ilikuwa nao takriban 15,000 tu. Bata bukini huangusha kinyesi kingi zaidi kwa siku, lakini pengo hilo haliwezi kuzibwa na uzito. Bata bukini hula majani. Shakwe hula kila kitu: samaki, wadudu, mabaki ya chipsi, takataka za dampo.

Jiji la New York lina sababu ya kulijali jambo hili. Maji ya kunywa ya mamilioni ya watu hupitia bwawa la Kensico, na ingawa huuliwa vijidudu kwa dawa na mwanga, hayachujwi kwenye mtambo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyakazi wa jiji wamekuwa wakizunguka bwawa hilo kwa boti na kulipua fataki za kelele ili ndege wa majini wasilale pale.

Sehemu ya habari hii inayostahili kusimuliwa taratibu, hata hivyo, ni ya mchanga.

Kusini mwa Chicago, ndani ya bustani ya Jackson Park, kuna ufukwe unaoitwa 63rd Street Beach. Matangazo ya kuwatahadharisha waogeleaji yalikuwa jambo la kawaida pale, kwa sababu ya E. coli. Mwaka 2000, kuanzia Aprili hadi Septemba, Richard Whitman na Meredith Nevers wa shirika la jiolojia la Marekani, USGS, walisimamia uchukuaji wa sampuli 1,747 za maji na 858 za mchanga, huku wakihesabu ndege na waogeleaji na kuandika hali ya hewa. Kama uchafu ungekuwa unatoka mbali, kwenye bomba au mto fulani, bakteria wangetarajiwa kuwa wengi ziwani na kupungua kuja nchi kavu. Waliyoyakuta yalikuwa kinyume chake. Bakteria walikuwa wengi zaidi kwenye mchanga wenye unyevu pale wimbi linapofika na kurudi. Walifuatiwa na wale wa kwenye mchanga uliozama, kisha wa kwenye maji ya kina kifupi, na kadiri kina kilivyoongezeka ndivyo walivyopungua.

Athari ya shakwe nayo ilionekana kwa kuchelewa. Siku waliyotua kwa wingi mahali fulani haikuwa ndiyo siku ya vipimo vibaya zaidi. Bakteria walipanda wazi siku iliyofuata, mchangani na majini. Ufukwe ulipowekewa mchanga mpya, E. coli waliuvamia ndani ya wiki 2. Whitman na Nevers walifika mahali pa kuandika kwamba huenda bakteria hawa wana uwezo wa kudumisha idadi yao mchangani katika miezi ya joto, hata bila kuongezewa na ndege wala binadamu.

Ukiufikiria mchanga kama ghala, mengi yanaeleweka. Chembe zake huwakinga bakteria na jua, unyevu huwazuia kukauka, mabaki ya mimea na vinyesi huwapa chakula, na kila wimbi linalopanda huchota sehemu ya akiba na kuirudisha majini. Mwani wa kijani uitwao Cladophora, unaosukumwa na mawimbi na kuoza ufukweni kwa marundo, hufanya kazi hiyohiyo. Watafiti walikuta E. coli na enterokoki kwa wingi ndani yake, na waliukausha, wakauweka kwenye baridi kwa miezi 6, na bado bakteria walikuwa hai.

Adui wao mkubwa ni jua. Kwenye ufukwe huohuo wa Chicago ilionekana kuwa siku ya jua kali E. coli hushuka kwa kasi kuanzia asubuhi hadi alasiri, na siku ya mawingu hawashuki hivyo. Kwa hiyo sampuli ya saa 1 asubuhi na sampuli ya saa 8 mchana, za ufukwe mmoja na siku moja, zinaweza kutoa hukumu mbili zinazopingana. Ongeza hapo kwamba njia ya kawaida ya kuotesha bakteria huchukua saa 18 hadi 24, na utaona udhaifu mkubwa wa mfumo mzima: bendera nyekundu inayopandishwa leo inatangaza maji ya jana. Familia iliyoogelea jana, maji yakiwa machafu, haikuambiwa. Familia inayorudishwa nyumbani leo huenda inakoseshwa maji yaliyokwisha kusafishwa na jua. Ndiyo sababu mwaka 2017 Chicago iliingiza kwenye fukwe zake zote kipimo cha vinasaba kinachotoa jibu siku hiyohiyo.

Upande wa Kanada, kwenye Bandari ya Hamilton katika Ziwa Ontario, kesi ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu washukiwa walikuwa wawili. Ufukwe wa Bayfront Park una ndege wengi, na bandari hiyo pia hupokea maji ya mifereji ya majitaka inayofurika mvua kubwa ikinyesha. Thomas Edge na Stephen Hill hawakutegemea kipimo kimoja. Waliangalia bakteria wanapatikana wapi kwa wingi, wakalinganisha alama za vinasaba vya E. coli, wakachunguza pia ni dawa zipi za antibayotiki zinazowashinda bakteria hao nguvu na zipi haziwashindi. Hapa tena mchanga wenye unyevu na maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu ndivyo vilivyoongoza, na kwa eneo hilo la karibu na nchi kavu ushahidi uliwaelekea ndege kuliko majitaka. Utafiti huo, wa mwaka 2007, ninaupenda kwa subira yake. Mshukiwa aliyekuwa akionekana kila siku na yule aliyejificha chini ya ardhi walipewa nafasi sawa kabla ya yeyote kutajwa.

Wazazi wana sababu ya kuujali mchanga huo kuliko watu wengine. Dufour aliwahi kupima maji yanayomezwa na watu katika bwawa la kuogelea ndani ya dakika 45, na matokeo yakawa wastani wa mililita 37 kwa watoto na 16 kwa watu wazima. Mtoto anameza zaidi ya mara mbili, na ndiye anayekaa pale kwenye maji ya vifundoni, akichimba mashimo na kujifukia. Utafiti mwingine uliowahoji watu zaidi ya 27,000 katika fukwe 7 za Marekani ulionyesha kuwa waliochimba mchanga, na hasa waliofukiwa mwili mchangani, waliugua tumbo zaidi kuliko wasioufanya mchezo huo. Kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumpa mtoto andazi ufukweni si uoga wa mama. Kuna ushahidi nyuma yake.

Sasa tuingie kwenye swali linalobishaniwa: bakteria wa ndege wanadhuru kiasi gani?

Wanadhuru, ila si kwa kiwango cha majitaka. Ndege wa majini hubeba kampilobakta na salmonela, na wote wawili humharisha mtu. Lakini virusi kama norovirusi, ambavyo ni miongoni mwa vinavyolaumiwa zaidi kwa kuwaumiza waogeleaji kwenye maji yenye majitaka, makao yake ni utumbo wa binadamu. Mwaka 2010 Jeffrey Soller na wenzake walikokotoa hatari ya kuugua kwa kudhani maji yana kiasi kilekile cha bakteria wa kuashiria, ila vyanzo ni tofauti. Kinyesi kibichi cha shakwe, kuku au nguruwe kilionekana kuwa na hatari ndogo sana kulinganisha na cha binadamu. Cha ng'ombe hakikuwa mbali na cha binadamu. EPA ilipofanyia marekebisho vigezo vyake mwaka 2012, iliacha mlango wazi kwa maeneo yatakayothibitisha kuwa uchafu wao si wa binadamu yaweke mipaka yao ya kipekee.

Ila shakwe hubeba pia alichookota kwetu. Huko Scotland, mwaka 1981, D. R. Fenlon alichapisha matokeo ya uchunguzi wa sampuli 1,241 za kinyesi cha shakwe. Asilimia 12.9 zilikuwa na salmonela. Karibu na mabomba yanayomwaga majitaka baharini, kiwango kilikuwa kati ya asilimia 17 na 21. Ndege alikula kwenye uchafu wa mji, akaruka nao, akauangusha pengine. Anayemfukuza shakwe huyo bila kuligusa bomba amehamisha tatizo hadi ufukwe wa jirani.

Hata wingi wa shakwe kwenye Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini una mkono wa binadamu ndani yake. Karne ya 19 ilipoelekea ukingoni, shakwe mwenye pete mdomoni alikuwa amepungua sana kwa kuwindwa na kuibiwa mayai. Sheria za kuwalinda ndege wanaohama, hasa ile ya mwaka 1918, zilimpa nafasi ya kurudi. Chakula alikipata kwa wingi: madampo ya wazi, maegesho ya magari nje ya migahawa, mapipa yaliyofurika ufukweni, na watu wanaomtupia mkate kwa furaha. Leo wapo mamilioni, na kwa kuwa sheria ingali inawalinda, huwezi kuwagusa bila kibali. Chicago iliamua kuanzia kwenye viota. Mwaka 2009 mayai ya asilimia 52 ya viota yalipakwa mafuta ya mahindi, na miaka miwili iliyofuata ya zaidi ya asilimia 80. Mafuta huziba vitundu vya ganda, kiinitete hukosa hewa, na mama huendelea kuatamia bila kutaga mengine. Makinda waliofika ufukweni walipungua.

Siwezi kusoma kuhusu kazi hiyo bila kusikia uchungu kidogo. Inafanya kazi, na huenda kwa jiji lile hapakuwa na njia nyepesi. Lakini ndege aliyevutwa na mapipa yetu ndiye anayelipa kwa mayai yake, na mapipa bado yako wazi. Njia za upole zipo na zinajulikana: mapipa yenye mfuniko unaofunga, marufuku ya kulisha ndege inayosimamiwa kweli, nyaya nyembamba juu ya maeneo wanayopenda kutua, na majani marefu kandokando ya maji, kwa sababu bata bukini hupenda nyasi fupi anapoweza kumwona adui akiwa mbali. Mbwa nao ni wa upole, ila ni kazi ya kila siku. Wakipumzishwa, shakwe hurudi.

Kutenganisha kinyesi cha ndege na cha binadamu si kubahatisha tena. Mwaka 2006 wanasayansi walieleza bakteria mpya waliyempata kwa sili na kwa mnyama wa jamii ya pomboo, wakamwita Catellicoccus marimammalium. Miaka miwili baadaye ikaonekana kuwa bakteria huyo amejaa kwenye kinyesi cha shakwe. Tangu hapo vinasaba vyake vimekuwa alama ya kutambua kwamba shakwe amepita, na zipo alama nyingine za bakteria wanaoandamana na binadamu. Maabara yenye mashine ya kunakili vinasaba inaweza kutafuta zote mbili kwenye chupa moja ya maji. Mashine za namna hiyo zilienea Afrika Mashariki wakati wa UVIKO-19, na wapo wataalamu wetu wanaojua kuzitumia.

Kuna jambo moja ambalo kipimo cha bakteria hakilioni kabisa, na msomaji wa Kanda ya Ziwa atalielewa haraka. Mwaka 1928, kwenye Ziwa Douglas katika jimbo la Michigan, mtafiti William Cort aligundua kwamba upele unaowawasha waogeleaji unasababishwa na vimelea wa jamaa ya kichocho. Hawa huishi ndani ya ndege wa majini, hupitia kwa konokono, kisha hutafuta ndege mwingine. Wakikosea njia na kuingia kwenye ngozi ya mtu, hufia humo na kumwachia mwasho. Kichocho cha kwetu hakikosei njia. Binadamu ndiye mwenyeji wake. Maji yanaweza kupita kipimo cha E. coli kwa heshima zote na bado yakawa na kichocho.

Tukirudi nyumbani, Ziwa Victoria lina ndege wa majini wasiohesabika: minandi, yangeyange, korongo, shakwe wa kichwa cha kijivu. Kila mwaka huongezeka shakwe wa mgongo mweusi waliozaliwa Finland, wanaokuja kukaa ziwani wakati kwao kuna baridi. Wote hukusanyika mwaloni, mahali boti zinapotua, samaki wanapoparuliwa na utumbo kutupwa. Na hapohapo mwaloni ndipo dagaa wanapoanikwa, mara nyingi juu ya mchanga mtupu. Mkenya huwaita omena, Mganda mukene; jina lolote uwaitalo, ndege hutembea katikati yao. Ukiyasoma ya Chicago kuhusu mchanga, huwezi tena kuuangalia uanikaji huo kwa macho yaleyale. Kwetu suala la kinyesi cha ndege kwenye mchanga wa ufukwe ni suala la chakula kabla halijawa la kuogelea, na wavuvi waliohamia kwenye chanja, wakiinua dagaa juu ya ardhi na kuwafunika neti, wameshafanya jambo la maana kuliko mbwa wowote wa kukimbiza ndege.

Lakini ndege wa mwaloni asigeuzwe kisingizio. Mto Mirongo unapita katikati ya Mwanza na kuingia ziwani. Mto Kisat unafanya hivyo Kisumu. Msimbazi unakata Dar es Salaam na kumwagika baharini jirani na Daraja la Salenda. Katika miji hii nyumba nyingi mno hutegemea vyoo vya shimo na mashimo ya majitaka, na mvua kubwa ikinyesha kila mtu anajua kinachosafiri na maji. Ng'ombe hunyweshwa pembezoni mwa ziwa, na tumeona kinyesi chao hakina nafuu. Watu hawaogelei tu: wanaoga, wanafua, wanachota ndoo ya kwenda nayo nyumbani. Afisa yeyote akisema namba ni kubwa kwa sababu ya ndege, aulizwe amejuaje. Huko Hamilton hawakuridhika mpaka ushahidi wa aina kadhaa uliposema jambo moja, na wao wana mfumo wa majitaka unaotoka karibu kila nyumba.

Jambo jingine ni joto letu. Huko Hawaii, Roger Fujioka na wenzake walionyesha kwamba E. coli na enterokoki huishi kwenye udongo wa nchi za joto, mvua ikawasukuma mitoni hata pasipo kinyesi kipya. Hawaii ikaanza kupima pia bakteria mwingine, Clostridium perfringens, kama ushahidi wa nyongeza wa majitaka. Vigezo vilivyotungwa kwa kufuata maji ya New York na ya Ziwa Erie vinahitaji uangalifu huohuo vinapofika Tanga au Malindi, ila uangalifu huo usiwe ruhusa ya kuvipuuza.

Pwani yetu ina bamvua pia. Maziwa Makuu hayana maji kujaa na kupwa kwa kiasi cha kusemwa, wakati kwetu bahari hupanda na kushuka mita 3 na zaidi siku za bamvua, ikilowesha ukanda mpana wa mchanga, matope na mwani ambao siku za maji mafu haufikiwi. Utafiti wa fukwe 60 za kusini mwa California, uliochapishwa mwaka 2005 na Alexandria Boehm na Stephen Weisberg, uliona enterokoki wakipanda nyakati za bamvua, hasa maji yanapopwa. Mvuvi wa Kunduchi au wa Nungwi anajua tarehe za bamvua bila kalenda. Mchukua sampuli naye anapaswa kuziandika, kwa sababu sampuli mbili za ufukwe mmoja, moja ya bamvua na nyingine ya maji mafu, hazilinganishwi hivihivi.

Kuna kisa cha kale kinachostahili kukumbukwa hapa. Mwishoni mwa karne ya 19 kunguru wa India waliletwa Zanzibar ili wasaidie kula takataka za mji. Wamezaana mpaka bara, wanavamia viota vya ndege wengine na vyakula sokoni, na takataka zingali pale. Kampala ina korongo wakubwa, kaloli, waliozoea dampo na vichinjio. Ndege hawa husoma miji yetu kwa usahihi kuliko ripoti nyingi: walipo wengi, kuna kitu kimeachwa wazi. Manispaa inayotaka maji safi ufukweni ingeweza kuanza kwa kuwafuata hadi wanakokula.

Wala haihitaji kusubiri mashine ya vinasaba. Fomu ya sampuli yenye nafasi ya kuandika saa, kina cha maji, jua au mawingu, bamvua au maji mafu, mvua ya jana, ng'ombe walioonekana, umbali hadi kwenye mfereji wa karibu, na idadi ya ndege waliokuwa mchangani jana jioni, ingeipa ile namba ya maabara sehemu kubwa ya maana inayoikosa. Chupa ya pili ijazwe mchanga wenye unyevu kutoka pale watoto wanapochezea, ipimwe pamoja na ya kwanza. Matokeo yote mawili yabandikwe ubaoni, kwa Kiswahili, kwenye njia ya kushukia majini.